Kamba inaonyesha kijani, lakini mtoto anaumwa



Kila mama wa Bukavu anajua ile kamba ya rangi tatu. RECO anaizungusha kwenye mkono wa mtoto. Nyekundu: hatari. Manjano: chunga. Kijani: "Mutoto iko muzuri, mama, rudi nyumbani." Kamba ile imeokoa watoto wengi kwenye bwaki, na hatuna neno baya juu yake. Lakini ilitengenezwa kwa kutafuta mtoto aliyekonda. Mkono wa milimita 130 ni kijani. Mkono wa milimita 200 nao ni kijani.

Hivi karibuni tulisindikiza mama mmoja wa Kadutu kwenye kituo cha afya. Mtoto wake ana miaka 4, anahema akipanda kilima na usiku anakoroma kama mtu mzima. Walimpima mkono, wakamupigia mama makofi: "Huyu anakula!" Hakuna aliyelinganisha uzito wake na urefu wake, na hicho ndicho kipimo ambacho OMS inatumia kujua mtoto mdogo amezidi uzito. Ubao wa kupimia urefu ulikuwepo. Tuliuona kwa macho yetu, umeegeshwa ukutani nyuma ya masanduku.

Na huyo bado ana bahati. CPS inapima watoto mpaka miezi 59. Akishaingia shule, nani atampima? Hakuna.

Tunasikia tayari mutakavyotuambia: "Watu wanakufa njaa, kuko vita, na nyinyi munaongelea watoto wanene?" Ndiyo, tunaongelea. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulikuta watoto 42 kwa 100 chini ya miaka 5 wamedumaa katika nchi yetu. Mtoto aliyedumaa, akija kujazwa mandazi, biskuti na soda, anaongeza kilo bila kuongeza urefu. Njaa na unene vinaweza kulala kitanda kimoja. Kesho ni ugonjwa wa sukari na tansio, na familia inayouza shamba ili kulipa dawa.

Kusema ukweli, hata sisi tuna makosa. Tukiona mtoto ananona, tunamubana mashavu: "Baba yake iko na feza!" Kwetu unene umekuwa sifa ya mzazi.

Lakini tunakataa kabisa mtu anayemlaumu mama peke yake. Chupa moja ya soda ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani kama vijiko 8 vya chai. Mama anainunua kwa sababu gani? Kwa sababu bomba linakaa siku nyingi bila maji, na ya chupa anajua haitamuharisha mtoto. Mtoto hachezi? Acheze wapi? Nyumba za Kadutu zimebanana mpaka mlango wako unafungukia jiko la jirani, na viwanja vya shule vinakatwa vipande na kuuzwa. Tulipopigania maji na viwanja tulisema ni haki, maana katiba katika kifungu cha 47 inahakikisha afya na usalama wa chakula, na cha 48 maji. Munganga naye angepaswa kusimama pamoja na sisi kwenye ile vita, kwa maana wagonjwa ni wake.

Kule kaskazini mwa Ufaransa kuna miji midogo miwili, Fleurbaix na Laventie. Mwaka 1992 walianza kufundisha watoto shuleni namna ya kula vizuri. Masomo peke yake hayakutosha, unene uliendelea kupanda. Mambo yaligeuka pale waganga, walimu, wazazi, meya na wenye maduka walipoingia wote katika kazi. Mwaka 2004 watoto waliozidi uzito walikuwa 8,8 kwa 100, wakati katika miji ya kulinganisha walikuwa 17,8. Wao wana feza, ni kweli. Lakini sisi tuna kitu ambacho hatukitumii: RECO katika kila mtaa, CODESA katika kila aire ya afya, na kamati ya wazazi katika kila shule. RECO wenyewe mara nyingi hawalipwi, wanakumbukwa tu siku za chanjo. Kuwaongezea kazi bila kuwapa kitu ni kuwanyonya, tunalisema waziwazi.

Mkutano ujao wa CODESA tutakuwepo. Tutaomba ubao utolewe nyuma ya masanduku. Tutaomba muuguzi afike shuleni mara mbili kwa mwaka na mizani, na akimkuta mtoto aliyezidi, aongee na mzazi pembeni, siyo mbele ya darasa, maana watoto wanajua kuchekana. Bamama wanaouza kwenye mlango wa shule hatutaki wafukuzwe: tunataka wakae na kamati ya wazazi waone kama ndizi, avoka na mahindi ya kuchemsha vinaweza kuuzwa kwa bei ya biskuti.

Na tutamuuliza mkubwa wa zone ya afya, kwa maandishi: kati ya watoto waliopimwa mwaka huu na kuambiwa "kijani", ni wangapi walipimwa urefu?