Mtoto Huyu Anahitaji Wabebaji Wanne

Mwinjili Marko, katika sura ya pili, anasimulia habari ya mtu aliyepooza aliyepelekwa kwa Yesu huko Kapernaumu akiwa amebebwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umezibwa na umati. Wale wanne hawakurudi nyumbani. Walipanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha. Marko anaeleza kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani hata ya wale waliombeba.

Katika parokia zetu wapo wazazi wanaofika kwenye mlango wa shule na mtoto asiyesikia vizuri, mwenye usonji au mwenye ulemavu wa akili, wakaambiwa: “Mleteni mwakani,” au “Hapa hatuna mwalimu wake.” Mwaka unapita, mtoto yuko ndani. Nasi tunamwambia mama yake, “Pole, tunakuombea.” Sala ni njema, lakini wale wanne walitumia pia mikono na miguu.

Wazazi wajue kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake, pamoja na msaada unaolingana na hali yake. Kuudai si kuomba fadhila. Waanze hospitali, mtoto apimwe macho na masikio, maana wapo wanaoitwa wazito kumbe hawauoni ubao. Kisha wamwone mwalimu mkuu, wamwombe awaunganishe na ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri ili mahitaji ya mtoto yabainishwe: je, asome darasa la kawaida kwa msaada, kwenye kitengo cha elimu maalumu, au shule maalumu? Ombi liandikwe kwa barua na nakala ibaki nyumbani. Litaje jambo mahususi: kukaa mbele, maandishi makubwa, muda wa ziada kwenye mtihani, mwalimu anayejua lugha ya alama.

Mzazi akiwa peke yake huchoka njiani. Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo inapoitwa. Mmoja aandike barua, mwingine afuatane na mama hadi ofisini, wa tatu abaki na wadogo zake, wa nne achangie nauli. Wakifika shuleni wasimfanye mwalimu kuwa adui. Huenda ana darasa lililofurika na hakuwahi kusomea elimu maalumu. Wamuulize naye anahitaji nini.

Shule zetu za Kanisa nazo zijitazame. Tunapopongezwa kwa ufaulu, tujiulize ni watoto gani walioachwa nje siku ya usaili. Shule yenye jina la mtakatifu ikiwafungia mlango watoto hawa, haina la kuiambia serikali.

Muhula mpya wa darasa la kwanza huanza Januari, na maandalizi haya hayamaliziki kwa wiki moja. Basi leo baada ya Misa, kila jumuiya ijiulize: ni nyumba ipi mtaani kwetu yenye mtoto wa umri wa shule ambaye hatujawahi kumwona amevaa sare? Tukishaijua, wapatikane wanne wa kwenda kubisha hodi.

Jumapili njema.