Kujitegemea Si Kujitenga

Wapo wasemao kwamba mzazi wa Kiafrika hufunza utii, na mzazi wa Ulaya hufunza uhuru. Kauli hii hurudiwa na wasomi wetu kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mimi naipinga.

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani mtoto mchanga hulazwa chumbani peke yake mapema. Akianza kusema, huulizwa atakula nini na atavaa nini. Hayo huitwa kumzoeza kujitegemea. Lakini mtoto huyo aweza kufika miaka kumi bila kukabidhiwa kazi hata moja ambayo isipofanywa nyumba itaumia.

Sasa tazama kandokando ya Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960 pale yakutanapo maji ya Kikuletwa na Ruvu. Mtoto wa Kipare hulala pamoja na nduguze, hula alichopakuliwa, wala hamjibu mkubwa ovyo. Hata hivyo huteka maji, hubeba mdogo wake mgongoni, hupeleka mbuzi malishoni na kuwarejesha wote jioni. Yule wa kwanza amepewa hiari. Huyu amepewa amana. Hiari isiyo na amana ni mchezo tu.

Nitajibiwa kwamba huko ni kuwatumikisha watoto. Hoja hiyo ina uzito. Kumtoa mtoto shuleni akavute nyavu usiku ili mtu mzima apate faida si malezi, ni wizi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kazi za hatari na za kinyonyaji. Lakini kipimo ki wazi: amana hufuata kimo cha mtoto, unyonyaji hufuata tamaa ya mkubwa.

Wanaotushutumu kwa sauti kubwa ni wazazi wa mjini, ambao watoto wao hawajui kufua hata soksi, kwa kuwa yupo mtumishi wa kufua. Na mara nyingi mtumishi huyo ni binti mdogo aliyetolewa kijijini. Je, uhuru wa mtoto mmoja ununuliwe kwa utoto wa mwingine?

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukusudia kila mtu aishi kivyake. Wapare walilijua hilo zamani: ndiva hujaa maji usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu. Amfunzaye mtoto kushika zamu yake amemfunza kujitegemea. Amfunzaye kudai maji tu amemfunza ubinafsi, hata akiuita uhuru.