Nyumba moja, wapangaji wawili wanaolipa

Leo nataka kubishana na mawakala wa nyumba. Tarakilishi imo ndani, kwa hivyo usifunge ukurasa bado.

Mkataba wa upangaji wa mwaka mmoja, ule unaoletewa na wakala ukiwa umechapishwa vizuri na kupigwa mhuri, mara nyingi huwa na kifungu cha namna hii: mpangaji akihama kabla ya muda kwisha, atalipa kodi ya miezi yote iliyobaki, na depoziti haitarudishwa. Watu hutia sahihi kwa sababu wanataka funguo. Kisha kazi inahamia Kisumu, au kampuni inafungwa, au mama anaugua nyumbani, na mtu wa kodi ya shilingi 25,000 aliyebakisha miezi 5 anaambiwa alipe 125,000 na asahau depoziti.

Utetezi wao naujua: mkataba ni mkataba. Sawa. Mwenye nyumba naye ana mkopo wa benki, na nyumba ikikaa tupu hasara ni yake. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hesabu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kusimamia nyumba za kupangisha kwa wakala mmoja hapa Nairobi. Katika hifadhidata niliweka sharti dogo: nyumba moja, mwezi mmoja, mpangaji mmoja anayedaiwa kodi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliweka pia. Wiki ya pili nikapigiwa simu kwamba programu imekwama. Kumbe haikukwama. Ilikataa kumwandikia deni la kodi mpangaji aliyehama, kwa sababu nyumba ile ile ilishapata mtu mwingine, naye ameshalipa kwa M-Pesa. Nikaombwa niliondoe sharti. Nikauliza, hasara iko wapi hapa? Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa tarakilishi, mambo ya mikataba niwaachie wenyewe. Sikuliondoa. (Awamu ya mwisho ya malipo yangu sijaiona hadi leo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Haya basi, tuongee mikataba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mtu anayepanga mwezi kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wake, yaani mwezi mmoja. Kwa hivyo jamaa wa ploti aliyekubaliana kwa mdomo na keretaka ana mlango wa kutokea, ilhali mwenye makaratasi yenye mhuri hana, ila akiwa ameandikiwa humo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliwekewa kikomo cha kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukitoa vyumba vya mabati, nyumba gani ya Nairobi inaingia humo?

Ipo hoja moja ya zamani. Katika kesi ya Dunlop dhidi ya New Garage, iliyoamuliwa Uingereza 1914 na ambayo mahakama zetu huinukuu, ilielezwa kwamba kiasi kilichowekwa ili kumtisha mtu, kisicholingana na hasara inayoweza kutokea, ni adhabu, na mahakama haitakitekeleza. Lakini nani ataajiri wakili kwa ajili ya depoziti ya 25,000? Wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana kifungu kinaendelea kuchapishwa.

Kwa wanaosema biashara ya nyumba itaanguka: kule Scotland, tangu Desemba 2017, mikataba mipya ya kawaida ya nyumba za watu binafsi haina muda maalum, na mpangaji huondoka kwa notisi ya siku 28. Nyumba bado zinapangishwa.

Kabla ya kutia sahihi, dai yaandikwe haya: mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya miezi 2, na deni lake la kodi linakoma siku mpangaji mwingine anapoingia. Wakala akikataa nusu ya kwanza, shikilia ya pili, maana hana jibu la kuikataa bila kukiri anataka kulipwa mara mbili. Ukihama, peleka notisi kwa barua pepe na kwa karatasi, piga picha za vyumba na mita ya stima, na umwombe jirani akujulishe siku mtu mwingine anapohamia.