Si Kila Mluzi ni Pumu, Wacheni Kubahatisha

Manze, kuna neno linaturushiwa hovyo sana hii nchi: pumu. Mtoto akipumua kwa kelele, pumu. Mzee akihema kwa ngazi za ploti, pumu. Unapewa inhela, unaambiwa ujiepushe na vumbi na baridi, halafu anayefuata aingie.

Mimi nasema kumpachika mtu pumu bila kusikiliza kelele inatoka wapi ni pata potea. Na hapa kinachowekwa mezani ni pumzi ya mtu.

Iko hivi. Pumu hubana vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu, ndiyo maana mluzi wake husikika zaidi mtu akitoa pumzi. Lakini kitu kikimea huku juu, kwenye zoloto pale sauti inatokea, kelele huja zaidi akivuta pumzi. Inakwaruza. Unaisikia hata bila kuweka chombo kifuani, ukiwa umeketi kando yake kwa mat. Madaktari huiita stridori. Uvimbe ukiwa chini zaidi, kwenye bomba lenyewe la hewa, kelele inaweza kuja akivuta na akitoa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Sasa inhela kazi yake ni kulegeza misuli ya vile vijia vidogo. Uvimbe haulegezwi na inhela, hata upulize kopo lote.

Mtoi wa shangazi yangu alikaa na inhela karibu miaka miwili. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama ya kondakta wa jioni, hadi shuleni wakampa jina la utani. Kila kliniki alikopelekwa walipima kifua, wakaandika dawa ileile. Hakuna aliyeuliza kuhusu sauti. Hakuna! Mwishowe nesi mmoja, hata hakuwa anamhudumia yeye, akauliza, "Mama, huyu mtoto sauti imekuwa hivi tangu lini?" Akamwambia shangazi atafute daktari wa masikio, pua na koo. Huko walipitisha kamera nyembamba puani, dakika chache tu, na kwenye skrini kukaonekana vichunjua vimejazana kwenye nyuzi za sauti, vimeacha kaupenyo kadogo. Vinaitwa papiloma, na huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, ambavyo mara nyingi mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Si kosa la mama, na si uchafu. Wale majirani mliokuwa na maneno yenu, hii ni yenu pia.

Najua mtakuja kunijibu kwamba pumu ndiyo ya kawaida na uvimbe ni nadra. Ni kweli. Lakini ukishampa mtu dawa ya pumu, anaitumia vizuri, na bado hapati nafuu, hiyo yenyewe ni habari. Unaendeleaje kuandika dawa ileile? Tena kuna kipimo cha kupuliza kinachochora mchoro wa hewa ikiingia na kutoka. Njia ikiwa imezibwa huku juu, mchoro unaweza kulala bapa, tofauti kabisa na wa pumu. Na msiniambie vifaa ni ghali kabla hamjauliza swali la sauti, kwa sababu hilo halilipishwi.

Kuchelewa nako kuna hesabu yake. Upana wa njia ukipungua nusu, hewa ikipita kwa utulivu hukutana na ukinzani mara 16. Ndiyo maana mtu huonekana yuko fiti kwa miezi, halafu kamafua kadogo kanamwangusha. Wengine uvimbe wao hugunduliwa wakiwa kwa meza ya upasuaji, wameshalazwa usingizi, na mpira wa kupumulia unakataa kupita. Watoto wengine hufika wamechelewa hadi inabidi watobolewe shingo ndio wapumue.

Na nyinyi wenzangu wa kutengeneza video, mnaouza mvuke wa tangawizi na kitunguu saumu kwa kila anayekwaruza koo, mnapoteza wiki za watu. Walewale ndio hutangaza chanjo ya HPV inafanya wasichana wagumba. Australia walianza kuchanja 2007 na chanjo inayokinga pia aina ya 6 na 11. Watoto wapya waliopatikana na papiloma za koo huko walishuka kutoka 7 mwaka 2012 hadi 1 mwaka 2016. Kenya tulianza Oktoba 2019, wasichana wa miaka 10. Si chanjo zote za HPV hukinga hizo aina mbili, kwa hivyo uliza uliyopewa ni gani.

Inhela usiitupe, mwenye pumu ya kweli anaihitaji. Lakini sauti ikikwaruzika zaidi ya wiki 3, mtu mzima au mtoto, itisha koo liangaliwe, na mwambie daktari kelele huja akivuta au akitoa. Kama anavuta kwa kelele hata akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani, usingoje asubuhi. Mpeleke emajensi saa hiyohiyo, na msimlaze kwa nguvu kwenye gari. Mwache akae vile anaona hewa inapita.