Fedha ya Nje Katika Uchaguzi wa Georgia

Huko Marekani mtu aweza kumpa fedha mgombea wa jimbo asilo na kura. Mwaka 2017 kiti kimoja tu cha Baraza la Wawakilishi, katika jimbo la Georgia, kilitumiwa zaidi ya dola milioni 50. Jon Ossoff alichangiwa sana na watu wa nje, hasa California. Naye Karen Handel alisaidiwa na vikundi vya nje. Handel alishinda. Basi wengine husema fedha ya nje si kitu. Sisi hatukubali. Chamani twatoa ada kila mwezi, kwa hiyo twaweza kumwuliza katibu maswali, hata akikasirika. Afadhali sheria idai nusu ya michango itoke kwa wapiga kura wa palepale.