Mwaka wa Bustani Unapofunga

Mvua ya pili imetuaga. Huku kusini mwa Uganda, mvua inayoanza Septemba huanza kutuacha ifikapo katikati ya Desemba, na jua hutawala hadi Februari. Maharagwe yamekwisha kung'olewa, mahindi yamevunjwa, na vijishamba vilivyo nyuma ya nyumba za askari vimebakiwa na mabua makavu yanayovuma upepo ukipita. Wengi husema bustani imekufa. Mimi naiona imekaa kitako tu, mithili ya askari aliyetoka lindo la usiku.

Juma lililopita mama mmoja wa kambini aliniuliza swali ambalo, naamini, jamaa nyingi za askari na polisi hujiuliza kimyakimya: ya nini kupanda mgomba, ilhali baba watoto aweza kupata uhamisho kesho? Swali lake halikuwa la uvivu. Mgomba wa matoke huchukua mwaka mmoja na zaidi kabla ya kutoa mkungu wa kwanza, na amri ya uhamisho haingoji mkungu. Mama huyu amekwisha kuacha bustani tatu. Katika ile ya pili alipata habari kwamba aliyemfuata aling'oa kila kitu akajenga banda la kuku. (Kuku nao ni riziki, lakini maumivu yake nayaelewa.)

Sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimwuliza ule mgomba ulio nyuma ya jiko lake aliupanda nani. Akacheka. Aliukuta.

Tazameni shina la mgomba, wapenzi wasomaji. Wakulima wetu hupenda kuacha miti mitatu katika shina moja: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayechungulia ardhini. Vichipukizi vingine hukatwa, la sivyo vitanyang'anyana chakula na mikungu itakuwa midogo. Mama akishavunwa hukatwa, na gogo lake hukatwakatwa likalazwa palepale lioze, liwalishe waliobaki. Majira haya ya jua ndiyo ya kufunika shina kwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Nyasi zisiligusie gogo lenyewe.

Uhamisho una jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa: majira hayahami pamoja nasi. Aliyezoea Jinja au Masaka, penye misimu miwili ya mvua kwa mwaka, akipelekwa Gulu atakuta msimu mmoja mrefu, toka Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba, kisha ukame unaofika hata Machi. Akienda Moroto atakuta mvua haba, na mtama ndio tegemeo la watu. Mgeni mwenye busara hapandi kwa kalenda ya alikotoka. Huwauliza kwanza akina mama wenyeji. Na huko Teso atafundishwa kukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke, chakula kiitwacho amukeke, ambacho huwavusha watu kiangazi.

Wapo pia wanaofunga mwaka pamoja na utumishi wao. Nimewaona wazee waliozoea kuamka kwa tarumbeta wakirudi kijijini Januari, wakashika jembe siku ya pili na kuilima ardhi kavu kama wanaishambulia. Jembe laweza kungoja. Mwezi huo ni wa kutembelea mipaka ya shamba na majirani, kuona maji hupita wapi, na kupumzisha magoti. Mke naye apewe nafasi ya kumzoea mtu ambaye kwa miaka mingi alimwona wakati wa likizo tu. Hilo nalo lina majira yake, wala haliharakishwi.

Sasa kazi za juma hili. Maharagwe ya mbegu yachaguliwe yasiyo na matundu, yaanikwe sana, yachanganywe na majivu makavu ili fukusi wasiyapate, kisha yafungwe katika chombo kisichopitisha hewa. Vichwa vya dodo vilivyokomaa vipukuswe juu ya gazeti (hili likishasomwa). Marando ya viazi yapandwe kidogo karibu na maji ya bafuni, yasikauke kabla ya mvua ya Machi. Anayehama kabla ya hapo amwonyeshe jirani yalipo, na chombo cha mbegu akigawe nusu kwa nusu: nusu mzigoni, nusu juu ya rafu ya jikoni kwa atakayeingia.