Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Nani aliruhusu Windows ya wizi?

Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI,

YAH: MFUMO ENDESHI WA KOMPYUTA ZA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata. Tulipokea msaada wa kompyuta 18 za mezani, mitumba. Hati ya makabidhiano ilihesabu kila kitu: vioo, kibodi, hata nyaya za umeme. Mfumo endeshi haukutajwa kwa kuwa haukuwamo. Diski zilikuja zimefutwa.

Tukaita fundi. Akaja na fleshi moja, akapiga Windows mashine zote kwa siku mbili. Nilikaa naye nikitazama. Kwanza alizima kinga ya virusi, maana programu ya kuvunjia leseni haifanyi kazi kinga ikiwa macho. Kisha akazima masasisho, tusije tukagundulika. Ndiyo kusema tulimlipa mtu afukuze mlinzi na kung'oa komeo.

Virusi vya WannaCry viliposambaa Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha tundu vilimopenyea tangu Machi. Kompyuta ambazo hazikusasishwa ndizo zilizoumia. Sisi wala hatukuhitaji janga la dunia. Fleshi za walimu zilitosha. Mitihani ya kidato cha pili iligeuka shotikati zisizofunguka.

Baada ya miezi kadhaa uvunjaji ule uliisha nguvu. Siku hiyo nafundisha hakimiliki, Sheria ya mwaka 1999, kijana wa nyuma akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo: Windows inadai iamilishwe. Darasa likacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Leseni 18 hatukuzimudu. Windows 11 inazikataa mashine zetu kwa uzee, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Basi likizo ya Desemba nikafuta yote nikaweka Xubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Haulipiwi, na kuunakili ni halali. Ubuntu ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukapewa jina ambalo kwetu ni utu. Mwaka huohuo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizinduliwa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Nashangaa tulivyoisahau.

Sikusudii kupamba. Printa yetu kuukuu iligoma kabisa. Majedwali ya matokeo yenye makro yalivurugika ndani ya LibreOffice, programu huria ya ofisi tunayotumia sasa, ikabidi tununue leseni moja ya Windows kwa kompyuta ya mkuu wa shule. Moja tumeiweza.

Ninachoomba ni mstari mmoja katika kila hati ya msaada na ya ununuzi: mfumo endeshi ni upi, na leseni yake iko wapi. Pia uje waraka unaotamka kwamba shule inaweza kutumia programu huria. Nasema hivyo kwa sababu mgeni mmoja aliyekuja kukagua aliniuliza, kwa ukali, nani aliyeniruhusu kuondoa Windows. Kwa miaka yote tuliyokuwa na ile ya wizi, hakuna aliyewahi kuuliza nani aliyeruhusu iwekwe.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa kompyuta